Mashati Manne Sandukuni

Sanduku lilikuwa wazi juu ya kitanda tangu Alhamisi, na kufikia Jumamosi saa nne asubuhi nilikuwa nimelipanga na kulipangua mara tatu. Ndege ilikuwa Jumatano. Kilo thelathini, zaidi ya hapo hapana.

Kando ya kioo nilikuwa nimebandika barua ya Bwana Hilali, meneja wa kiwanda cha maji ya waridi huko milimani Omani. Alinieleza kwa upole nije na nini na nisije na nini. Nguo za kufunika mabega na magoti. Mtandio. Sweta, maana mlimani usiku kuna baridi. Pombe hapana. Nguruwe hapana. Nitawakuta ndani ya Ramadhani, kwa hiyo nisile wala nisinywe mbele za watu mchana. Nikikaribishwa kahawa nipokee kwa mkono wa kulia, na nikitosheka nikitikise kikombe, la sivyo watanijazia mpaka nikome.

Kazi yangu ni kupika waridi. Nimeifanya hapa Karlovo, mji wetu wa bonde la waridi, tangu nina miaka kumi na tisa, na sasa nina thelathini na tisa. Unalitia ua kwenye mtungi wa shaba, unalichemsha, unangoja mvuke ushuke upande wa pili ukiwa maji na mafuta. Moto ukizidi, umelichoma. Ukipungua, umelichezea. Bwana Hilali alikuwa na mitungi mipya na waridi la kutosha, ila hakuwa na mtu wa kuusoma moto. Mkataba ulikuwa wa mwaka mmoja.

"Hii shampuu ya nani?" niliuliza.

Mama Yovka hakugeuka. Alikuwa dirishani akikunja soksi, kwa bidii isiyo ya kawaida.

"Yako. Utaoga na nini huko?"

Nikafungua kizibo, nikanusa. Machozi yakanitoka.

"Mama Yovka, hii rakia."

"Ni dawa."

"Ya ugonjwa gani?"

"Wowote. Kifua, tumbo, upweke. Mtu haendi jangwani bila dawa."

"Nakwenda mlimani. Na barua imesema pombe hapana."

"Imesema pombe. Haikusema shampuu."

Nikaiweka chupa juu ya kabati asikofika. Nikachukua soksi moja ya sufu kutoka kwenye rundo lake. Ilikuwa nzito kama tofali.

"Na soksi hii?"

"Sufu ndivyo ilivyo."

"Sufu hainuki bizari."

Nikaitikisa. Ikadondoka soseji kavu, ndefu, imefungwa kamba kwa ustadi wake mwenyewe. Mama Yovka akaiokota na kuipangusa kama mtoto aliyeanguka.

"Nguruwe huyu nimemlea kwa mikono yangu," akasema. "Hana dhambi yoyote."

"Najua hana. Lakini hana visa."

Akanitazama chini ya miwani, na kwa sekunde moja nikadhani atacheka. Hakucheka. Mama Yovka hakuwa mtu wa kunichekea mimi. Miaka minane niliyoishi na mwanawe, kila akinitambulisha kwa watu alisema, "Huyu ni Nevyana, anakaa na Dobrin." Anakaa, kama mpangaji. Mimi na Dobrin hatukuwa na cheti cha ndoa. Kwetu hilo si ajabu, nusu ya jengo letu wako hivyo, wana watoto na mbwa na mikopo ya friji. Lakini Mama Yovka lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

"Na nani atampikia huyu mwaka mzima?" akauliza.

"Ana miaka arobaini na mbili, Mama Yovka. Na kupika anajua kuliko mimi."

"Ndiyo hilo ninalosema. Nani atampikia?"

Akaondoka na soseji yake kwenda jikoni kukanda unga wa banitsa, ule mkate wetu wa jibini. Nikabaki na sanduku. Nikaona heri nilianze upya, maana nani ajue ameficha nini kingine. Nikatoa magauni matatu marefu aliyonishonea Sabiha, jirani yangu wa ghorofa ya chini. Sabiha ndiye aliyenifundisha kufunga mtandio usiteleze. Nilipomwambia ninaogopa, alitoa pini mdomoni akasema, "Unaogopa nini? Ni watu. Wanafunga, wanafuturu, wanagombana na wakwe zao." Nikatoa masweta. Nikatoa kipimajoto changu, kimefungwa kwenye taulo.

Chini kabisa nikakuta mashati manne ya kiume.

Ya mikono mirefu, yamepigwa pasi, kola zimesimama. Niliyajua yote. La buluu nilimnunulia mwenyewe. Lakini pasi hiyo sikuijua, kwa sababu Dobrin hajawahi kupiga pasi mbele yangu hata leso. Kati ya shati la pili na la tatu palikuwa na bahasha ya manispaa. Nikaifungua. Ilikuwa fomu ya maombi ya kufunga ndoa. Upande wa mwanamume umejazwa kwa ule mwandiko wake uliolala. Upande wangu mtupu. Juu, kwa penseli: Jumatatu, saa tatu asubuhi.

Nikakaa kitandani na fomu mapajani.

Barua ya kwanza ya kiwanda ilikuja Januari. Ilisema nyumba ya familia hupewa mke na mume wenye cheti, na asiye na cheti atakaa hosteli ya wanawake. Dobrin aliisoma amesimama, akaikunja, akanirudishia. Nikajiambia, basi, limekwisha. Sasa kumbe alikuwa analipikia moto wa chini chini.

Saa sita akaingia. Dobrin ni fundi wa matrekta, na mwezi wa Machi wakulima wote wa bonde hukumbuka siku moja kwamba trekta haliwaki, kwa hiyo hata Jumamosi alikuwa kazini. Alisimama mlangoni mwa chumba, mikono myeusi kwa grisi, kofia imerudi nyuma. Macho yake yakaenda kitandani, yakayaona mashati, yakarudi kwangu.

"Haya ni nini?" nikauliza.

"Mashati."

"Naona ni mashati. Yanakwenda wapi?"

"Linakokwenda sanduku."

"Na hii?" Nikainua fomu.

Akavua kofia. "Hiyo nilitaka tuizungumze baada ya chakula."

"Tuizungumze sasa. Sina njaa."

Kisha akasema kwa haraka, kama mtu aliyekariri njiani. "Jumatatu wana nafasi. Daktari atatupa vyeti vya afya saa mbili, nimeshamwomba. Saa tatu tunasaini. Dakika kumi tu, Neva. Halafu unampelekea Bwana Hilali nakala, anatupa nyumba, na mimi nakuja kwa mashati haya manne mpaka nipate mengine."

"Dakika kumi."

"Hata kumi hazifiki."

"Miaka minane, Dobrin!" Sikutaka kupaza sauti, ikapaa yenyewe. "Miaka minane! Kwenye harusi ya dada yako watu walituuliza, 'Na nyinyi lini?' Ukacheka. Ukanishika kiuno, ukacheka, ukaniongoza kwenye ngoma. Mimi nilicheza huku moyo unaniungua. Nikasema, haya, huyu hanitaki kwa jina, ananitaka kwa mazoea. Nikazoea na mimi. Leo barua ya kiwanda imekuja ndiyo macho yamekufumbuka? Mimi siolewi na barua!"

Alinitazama tu. Dobrin ana macho ya kijivu yasiyojua kudanganya wala kujitetea, na ndiyo yaliyonishinda siku ya kwanza nilipomwona amelala chini ya trekta la kiwanda chetu akiniomba nimpe spana. Sasa yalikuwa yameumia, na niliona yameumia, na hasira yangu ikazidi kwa sababu niliona.

Mama Yovka akatokea nyuma yake, unga mpaka viwikoni.

"Hata mimi nasema!" akadakia. "Mwanamume amfuate mwanamke kama mkoba? Atafanya nini huko, atawamiminia kahawa? Mlimani huko kuna matrekta?"

"Mama, banitsa inaungua," Dobrin akasema bila kugeuka.

"Haitaungua, bado sijaitia kwenye oveni."

"Basi kaitie."

Hakuondoka. Nami sikumjali.

"Nijibu," nikamwambia Dobrin. "Kwa nini leo?"

"Nilikuuliza," akasema.

"Umeniuliza nini? Umejaza fomu ukaificha chini ya—"

"Si leo. Mwaka wa kwanza. Nilikuuliza, Neva."

Alisema taratibu, bila lawama, kama anayenikumbusha nilikoweka funguo. Nami nikakumbuka.

Ilikuwa alfajiri, siku ya tano ya mavuno, kwenye mizani. Wachumaji walikuwa wanaleta magunia, umande unadondoka. Dobrin alikuja kutengeneza pampu, akabaki kunisaidia kubeba. Kati ya gunia na gunia akaniuliza kama nitakubali anioe. Wakati ule nilikuwa na miaka miwili tangu nitoke kwa mume wangu wa kwanza, na nilitoka kama mtu anavyotoka kwenye nyumba inayowaka, na nguo nilizovaa tu. Neno ndoa likitajwa nilisikia moshi. Nikamwambia, "Dobrin, kama unanipenda usiniulize hilo tena. Siku nikiwa tayari nitasema mwenyewe." Akasema, "Sawa." Akainua gunia lililofuata akaliweka kwenye mizani.

Na hakuuliza tena. Mimi nikapona polepole, moshi ukaisha, na kwa namna ambayo hata leo siwezi kuieleza, nikasahau ni nani aliyesema nini. Nilifunga mlango mwenyewe kwa ndani, kisha nikakaa miaka nikinung'unika kwamba hakuna anayebisha hodi.

"Mungu wangu," nikasema.

"Kila Krismasi," Mama Yovka akasema, na sauti yake haikuwa na ule ukali, "kila Krismasi nilimwambia, muulize tena, mtu hubadilika. Akaniambia, 'Mama, nimempa neno langu.' Nikadhani anakusingizia. Nikasema, huyu mtoto anajificha nyuma ya neno." Akajikuta amekaa kwenye ukingo wa kitanda, juu ya masweta yangu. "Kumbe ni kweli ulisema?"

"Nilisema."

"Basi nyote wawili hamna akili," akahukumu. "Yeye wa kutii, wewe wa kusahau."

Dobrin alikuwa bado amesimama palepale, kofia mkononi.

"Barua haikunifumbua macho, Neva," akasema. "Ilinifumbua mdomo. Niliposoma ile barua nikaona, hapa naweza kukuuliza bila kukuuliza. Fomu itauliza. Nikashindwa hata hivyo. Nimeizungusha bahasha hii wiki tatu. Mara kwenye droo, mara kwenye gari. Mwisho nikaitia kwenye mashati."

"Na pasi ulipiga lini?"

"Karakana. Nyuma ya matairi."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, sikufanya lolote. Niliangalia fomu. Kichwa kilikuwa kimetulia, kama saa ile ya mwisho ya kupika, unapojua huu ndio moto na si mwingine. Nilijua mambo mawili. La kwanza, kwamba nikisaini Jumatatu ili nipewe nyumba, siku tutakapogombana huko ugenini nitamtupia usoni kwamba niliolewa na anwani. La pili, kwamba huyu mtu amengoja miaka minane na sitamngojesha hata wiki.

"Dobrin," nikasema. "Nilisema nitasema mwenyewe. Basi nasema. Utanioa?"

Alinikodolea macho. Kisha akageuka, akatoka chumbani.

"Anakwenda wapi?" Mama Yovka akauliza kwa hofu.

Tukasikia maji bafuni. Yalichuruzika muda mrefu, na ile brashi ya kucha ikisugua, ikisugua. Akarudi na mikono myekundu, inanuka sabuni, maji yanadondoka kwenye zulia.

"Uliza tena," akasema. "Mikono ilikuwa michafu."

"Utanioa?"

"Ndiyo."

Akakaa kando yangu, akanishika mkono kwa mikono yote miwili, yenye baridi ya maji ya bomba. Hakunibusu, mama yake alikuwa pale. Alinitazama tu kwa karibu, na nikaona jinsi nywele za kando ya masikio zilivyoanza mvi, na sikukumbuka zilianza lini.

"Jumatatu?" akauliza.

"Jumatatu. Lakini sikiliza. Cheti kinabaki hapa Karlovo. Simpelekei Bwana Hilali nakala. Jumatano naondoka peke yangu, nakaa hosteli na wanawake wenzangu. Nataka nijue, na wewe ujue, kwamba hatukusaini kwa ajili ya kitanda cha mtu. Kisha utakuja utakapotaka kuja."

Akafikiri. Dobrin hufikiri kwa kusugua kidole gumba kwenye kiganja, na safari hii kiganja kilikuwa changu.

"Matrekta yanapumzika Septemba," akasema.

"Septemba basi."

"Subirini kwanza!" Mama Yovka akainuka, sweta langu limemng'ang'ania nyuma. "Ndoa ya siku mbili? Bibi harusi anaolewa Jumatatu, Jumatano anapanda ndege? Watu watasema nini? Na ni Kwaresima! Hakuna anayeoa Kwaresima!"

"Mama," Dobrin akasema, "Kwaresima unaikumbuka kwa ndoa tu? Kwa soseji huikumbuki?"

Mama Yovka akalitoa sweta nyuma, akalikunja, akaliweka sandukuni. Kisha akayatoa mashati manne, akayalaza vizuri kwenye mkono wake ayarudishe kabatini. Mlangoni akasimama.

"Jumapili nikuchomee nguruwe au kondoo?" akaniuliza. "Mkwe?"

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo. Nikasema kondoo, kwa sababu neno hilo lilikuwa fupi kuliko yote niliyoweza kuyatoa.

Jumatatu mvua ilinyesha. Daktari alitupima haraka, akatupongeza, akamwambia Dobrin apunguze chumvi. Mashahidi walikuwa Sabiha na mfanyakazi mwenza wa Dobrin aliyekuja na ovaroli. Mama Yovka alivaa koti lake la mazishi na harusi, akakaa safu ya mbele peke yake, mkoba magotini.

Afisa wa ndoa alinitazama akauliza kama ninakubali kwa hiari yangu. Sasa, kwetu mtu akikubali hutikisa kichwa kushoto na kulia, na akikataa hukiinua na kukishusha. Huko niendako ni kinyume, na wiki nzima nilikuwa nimejizoeza mbele ya kioo. Nikamwinamishia kichwa, taratibu, kwa heshima zote.

Kalamu ya afisa ikasimama hewani. Dobrin akawa mweupe kama karatasi.

"Sema kwa mdomo!" Mama Yovka akapiga kelele kutoka nyuma. "Kwa mdomo, mwanangu!"

"Ndiyo!" nikasema. "Ndiyo, ndiyo. Samahani. Ndiyo."

Sabiha alicheka mpaka akashindwa kushika kalamu ya kusaini.

Siku mbili hizo sitazisimulia. Jumatano asubuhi Dobrin alinipeleka uwanja wa ndege wa Sofia kwa gari la karakana. Tulizungumza mambo ya kawaida. Bomba la bafuni linalovuja. Dada yake na ujauzito wake. Nimpigie saa ngapi, maana huko saa ziko mbele. Uwanjani alipima sanduku kwa mkono kabla ya mizani, akasema ishirini na nane, na ikawa ishirini na nane na nusu.

Kwenye mstari wa ukaguzi tukasimama. Nilikuwa nimevaa gauni refu la Sabiha, mtandio shingoni. Akanirekebishia mtandio ambao haukuwa na kasoro. Akaurekebisha tena.

"Hosteli ina dirisha?" akauliza.

"Sijui. Nadhani."

"Kama halifunguki vizuri usilisukume. Ngoja mtu alitengeneze."

"Sawa."

"Na ukipewa kahawa—"

"Natikisa kikombe."

"Tikisa mapema. Wewe kahawa haikunyimi usingizi wako tu, inaninyima na wangu pia."

Nikambusu mbele ya foleni nzima, kwa kuwa hapa bado palikuwa kwetu na nilikokuwa nakwenda nisingeweza. Alinishika uso kwa ile mikono iliyosuguliwa, akanitazama kana kwamba anasoma kitu kirefu na anaogopa kitamalizika. Mzee aliyekuwa nyuma yetu akatukoholea. Dobrin akamwambia, "Tumeoana juzi, baba, tuvumilie." Mzee akavua kofia, akasema tuendelee.

Nikapita. Sikugeuka mpaka nilipochukua viatu vyangu upande wa pili, na nilipogeuka alikuwa bado pale, ameegemea nguzo, mikono mfukoni, anajifanya anasoma ubao wa ndege.

Tulikubaliana Septemba, matrekta yakipumzika. Dobrin alivumilia siku kumi na tisa tu, akaja.